Chipu za kulinda tarakilishi zapanua soko, ila wadukuzi hawajasalimu amri

KWA miaka mingi, usalama wa tarakilishi ulipotajwa, watu wengi waliwazia programu tu: ile ya kufukuza virusi, ile ya kuzuia wavamizi wa mtandaoni, na neno la siri ambalo mwenyewe huliandika kwenye karatasi na kulibandika kando ya kioo. Siku hizi jukumu hilo linazidi kukabidhiwa mlinzi wa aina nyingine, yaani chipu ndogo iliyoundwa kiwandani kwa kazi hiyo pekee na kuuzwa ikiwa ndani ya mashine.

Wanaoziunda chipu hizi husema kuwa ni vigumu mno kuzivunja. Wateja wao, zikiwemo benki, serikali na kampuni za simu, wamewaamini na kuzinunua kwa mabilioni. Je, imani hiyo ina msingi? Na soko lake linaelekea wapi?

Tuanze na sababu ya kuwapo kwake. Programu, hata ikiandikwa kwa ustadi wa namna gani, hukaa katika kumbukumbu ileile inayotumiwa na programu nyingine. Mhalifu akifaulu kupenyeza programu yake humo, anaweza kuzisoma siri zilizohifadhiwa, akazinakili na kuondoka bila mwenyewe kujua. Chipu ya usalama ni tarakilishi kamili iliyojitenga, yenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na ufunguo wake wa siri. Ufunguo huo hautoki nje. Mashine ikihitaji ithibati hupeleka swali kwa chipu, nayo hufanya hesabu ndani kwa ndani na kurudisha jibu tu. Ni mfano wa karani mwenye muhuri wa serikali: hati hupelekwa kwake zikapigwa muhuri, lakini muhuri wenyewe hauvuki kizingiti cha ofisi yake.

Huenda msomaji akadhani kuwa haya ni mambo ya mashirika makubwa ya ng'ambo. La hasha! Karibu kila Mkenya mwenye simu anayo chipu ya aina hii mfukoni. Kadi ya simu, au laini kama tulivyozoea kuiita, ni chipu ya usalama. Safaricom ilipozindua M-Pesa mnamo Machi 2007, menyu ya huduma hiyo na funguo za kusimba ujumbe ziliwekwa ndani ya kadi hiyo. Ndiyo sababu hata simu ya bei ya chini kabisa iliweza kutuma pesa. Usalama ulikuwa kwenye kadi wala si kwenye simu. Mama mboga wa Gikomba alikuwa akitumia kifaa cha ukoo mmoja na kile kilichomo kwenye kadi ya benki ya tajiri wa Paris.

Ukoo huo una historia ndefu. Wajerumani Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff walibuni wazo la kadi yenye chipu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mfaransa Roland Moreno naye akasajili hataza yake mwaka 1974. Kampuni ya Ujerumani, Giesecke & Devrient, iliuza kadi za kwanza za simu, 300 kwa hesabu, kwa kampuni ya Radiolinja ya Finland mwaka 1991.

Katika tarakilishi, safari ilianza mwaka 1999 pale Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft zilipoungana kuandaa kanuni za chipu moja itakayokubalika katika mashine zote. Muungano huo uligeuzwa mwaka 2003 kuwa Trusted Computing Group, na chipu yenyewe ikajulikana kwa kifupi kama TPM. Kazi yake kuu ni mbili. Kwanza, huhifadhi ufunguo wa kusimba diski ili mwizi wa tarakilishi asiweze kusoma faili zilizomo. Pili, huchunguza iwapo programu zinazoiamsha mashine zimechezewa kabla ya kuutoa ufunguo huo.

Wapo walioipinga tangu mwanzo. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, alionya kuwa siku moja mashine itamtii aliyeiunda badala ya aliyeinunua. Marehemu Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza hofu kama hiyo. Onyo hilo halijapitwa na wakati, kama tutakavyoona.

SOKO LISUKUMWALO NA SHERIA

Ukweli mmoja kuhusu biashara hii hausemwi sana na wauzaji: ni nadra mteja kuamka asubuhi na kwenda kununua chipu ya usalama kwa hiari yake. Hununua anapolazimishwa. Atakayelipa hasara ndiye anayeamua iwapo chipu itanunuliwa.

Kadi za benki ni ushahidi tosha. Ulaya ilihamia kwenye kadi za chipu mapema kwa kuwa kanuni za malipo zilimtwika hasara yule ambaye hakuwa na chipu, awe benki au mwenye duka. Marekani, nchi yenye utaalamu mwingi wa tarakilishi kuliko zote, iliendelea kutumia ukanda wa sumaku hadi Oktoba 2015, kanuni kama hizo zilipoanza kutumika huko. Mara tu mzigo ulipohamishwa, chipu zikapata wateja. Visa baadaye ilitangaza kuwa hasara zitokanazo na kadi za kughushi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 katika maduka yaliyokubali chipu. Wahalifu hawakuacha kazi. Walihamia kwenye ununuzi wa mtandaoni, ambako chipu ya kadi haihusiki.

Hali kadhalika, TPM ilikaa miaka mingi ndani ya tarakilishi za ofisi bila wengi kuitumia. Kilichobadilisha mambo ni Microsoft, ambayo ilipotoa Windows 11 Oktoba 2021 iliweka sharti kwamba mashine iwe na TPM toleo la 2.0. Barani Ulaya, sheria ya ustahimilivu wa mtandao ilianza kutambuliwa Desemba 2024, na masharti yake makuu yatawabana waundaji wa bidhaa zinazounganishwa na mtandao kuanzia Desemba 2027. Anayeuza kamera ya nyumbani au mita ya umeme huko atatakiwa kuonyesha namna alivyoilinda, na njia rahisi ya kujibu ni kununua chipu iliyo tayari.

Wanaonufaika si wengi. Infineon ya Ujerumani, NXP ya Uholanzi na STMicroelectronics, yenye mizizi Ufaransa na Italia, ndizo zinazotajwa sana. Thales ya Ufaransa iliinunua Gemalto, iliyovuma kwa kadi za simu na za benki, kwa takriban euro bilioni 4.8 mwaka 2019. Yubico, iliyoanzia Sweden na ambayo huuza funguo ndogo za kuchomekwa kwenye tarakilishi, iliingia katika soko la hisa la Stockholm mwaka 2023.

Hata hivyo, si kila aliyewekeza alivuna. Intel ilitangaza mwaka 2010 kuwa ingeinunua kampuni ya programu za usalama ya McAfee kwa dola bilioni 7.68, ikiahidi kuunganisha ulinzi wa programu na wa chipu. Ndoa hiyo haikuzaa kilichotarajiwa. Kufikia 2017 McAfee ilikuwa imetenganishwa tena na sehemu kubwa ya umiliki wake kuuzwa. Intel pia iliweka ndani ya vichakataji vyake, kuanzia 2015, chumba cha siri kiitwacho SGX. Watafiti walikitoboa mara kwa mara, na kizazi cha 11 cha vichakataji vya tarakilishi za kawaida kikatolewa bila chumba hicho. Filamu za ubora wa juu zilizotegemea SGX kuchezwa kutoka kwenye diski zikakataa kuchezwa kwenye mashine hizo mpya.

JINSI ZINAVYOVUNJWA

Februari 2010, katika kongamano la Black Hat karibu na Washington, Mmarekani Christopher Tarnovsky alieleza alivyoishinda chipu ya Infineon ya familia iliyotumiwa pia kutengenezea TPM. Alikuwa amefanya kazi kwa miezi kadhaa. Alitumia tindikali kuyeyusha plastiki iliyoifunika, akaondoa tabaka moja baada ya jingine, kisha akagusa nyaya nyembamba za ndani kwa sindano akitazama kwa darubini, hadi akafaulu kusikiliza chipu ikizungumza na kumbukumbu yake. Infineon ilijibu kuwa ilijua aina hiyo ya shambulio inawezekana, lakini huhitaji ujuzi na vifaa ambavyo ni wachache walio navyo.

Jibu hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa la haki lakini halikutosha. Ni kweli kuwa mwizi wa mifukoni hana darubini ya maabara. Ila thamani ya shambulio haipimwi kwa gharama ya kuivunja chipu ya kwanza tu. Cha kuuliza ni kwamba, baada ya hiyo ya kwanza, ni ngapi nyingine zitafunguka kwa ufunguo uleule?

Kadi za Mifare Classic za NXP zatoa mfano. Zilitumika katika usafiri wa umma kote duniani, ikiwemo kadi ya Oyster ya London, na usalama wake ulitegemea kanuni ya hesabu iliyofichwa na kampuni. Mnamo Desemba 2007, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza mjini Berlin jinsi walivyoikwangua chipu hiyo tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha na kuisoma kanuni hiyo kutoka kwenye picha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaendeleza kazi hiyo mwaka 2008. NXP ilikwenda mahakamani kuwazuia kuchapisha utafiti wao, na Julai mwaka huo mahakama ya Arnhem ikakataa ombi hilo. Gharama ya maabara ililipwa mara moja tu. Baada ya hapo kadi yoyote ya aina hiyo iliweza kunakiliwa kwa vifaa vya bei nafuu.

Kuna njia nyingine isiyohitaji hata kuifungua chipu. Jirani anayesikia mdundo wa mchi kinuni hujua kinachotwangwa bila kuingia jikoni. Mmarekani Paul Kocher alionyesha mwaka 1996 kuwa muda ambao chipu hutumia kufanya hesabu hufichua sehemu ya ufunguo, na miaka michache baadaye, pamoja na wenzake, akaonyesha kuwa hata kiasi cha umeme inachovuta hufanya vivyo hivyo. Waundaji wa kadi za benki walilazimika kubuni upya bidhaa zao, wakatia hesabu za kupoteza maboya ili msikilizaji achanganyikiwe.

Usikilizaji huo bado unazaa matunda. Mnamo Septemba 2024, mtafiti Thomas Roche wa kampuni ya NinjaLab, Ufaransa, alichapisha shambulio aliloliita EUCLEAK dhidi ya chipu za Infineon zinazotumiwa katika funguo za YubiKey za matoleo ya awali. Alipima mawimbi yanayotoka kwenye chipu wakati wa hesabu na kuutoa ufunguo wa siri. La kushangaza ni kuwa dosari hiyo ilikuwa imekaa miaka 14, ikapita takriban tathmini 80 za kutoa vyeti vya usalama wa kiwango cha juu, na hakuna mkaguzi aliyeiona.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Jamhuri ya Czech, waligundua kuwa programu ya kutengeneza funguo ndani ya chipu za Infineon ilizitengeneza kwa mpangilio unaotabirika. Hapa hakukuhitajika tindikali wala sindano. Kwa ufunguo wa hadharani tu, mtu mwenye tarakilishi nyingi angeweza kuukokotoa ule wa siri. Estonia, ambayo raia wake hutia sahihi mikataba na hata kupiga kura kwa kitambulisho chenye chipu, ilijikuta na takriban kadi 760,000 zenye dosari hiyo. Mnamo Novemba 2017 serikali ilisimamisha vyeti vya kadi hizo hadi wenyewe wazirekebishe. Bahati yao ni kwamba chipu za kadi hizo ziliweza kubadilishwa funguo kupitia mtandao. Laiti isingekuwa hivyo, nchi nzima ingepanga foleni.

Programu yenye kasoro hurekebishwa usiku mmoja, lakini chipu yenye kasoro mara nyingi hubaki nayo hadi itupwe.

PALE MLANGO WA NYUMA HAUNA KUFULI

Wahalifu halisi, tofauti na watafiti, hupendelea kuizunguka chipu. Mwaka 2010 wanasayansi wa Cambridge walithibitisha kuwa kadi ya benki iliyoibwa ingeweza kutumika bila nambari ya siri, kwa kuweka kifaa kati ya kadi na mashine ya malipo kinachojibu kila mara kwamba nambari ni sahihi. Wenye benki walipuuza, wakisema kifaa hicho kilikuwa kikubwa mno kutumiwa dukani. Mwaka uliofuata genge moja lilichukua kadi 40 zilizoibwa Ufaransa, likabandika juu ya chipu ya kila moja chipu nyingine nyembamba ya kufanya kazi hiyo, na kununua bidhaa za takriban euro 600,000, nyingi zikiwa katika maduka ya Ubelgiji. Chipu halisi haikuvunjwa. Ilizibwa mdomo.

Vivyo hivyo, Machi 2011 kampuni ya RSA ya Marekani, iliyouza vidude vya SecurID vinavyoonyesha nambari mpya kila dakika, iliingiliwa kupitia barua-pepe ya ulaghai iliyofunguliwa na mfanyakazi. Siri zinazohusu vidude hivyo ziliibwa kutoka makao makuu, na kampuni ya silaha ya Lockheed Martin ikashambuliwa miezi miwili baadaye. Kampuni mama, EMC, ilitenga dola milioni 66 kugharamia madhara.

TPM nayo ina mlango wake wa nyuma. Katika tarakilishi nyingi za mapakato, chipu hiyo imetengana na kichakataji, na ufunguo wa diski hupita kati yao kwenye nyaya za ubao mama bila kusimbwa. Mnamo Februari 2024, mtafiti mmoja alionyesha kwenye video jinsi alivyounasa ufunguo huo kutoka kwenye tarakilishi ya Lenovo ya zamani kwa muda wa sekunde 43, akitumia kifaa kisichozidi dola 10. Mashine ambazo TPM imo ndani ya kichakataji haziwezi kusikilizwa hivyo, ingawa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Berlin waliishinda ile ya AMD mwaka 2023 kwa kuyumbisha umeme wake. Dawa ipo na haina gharama: kuweka nambari ya siri inayoulizwa kabla ya diski kufunguka. Wengi hawaiweki kwa kuwa Windows yenyewe haiwaombi.

Na hapa Kenya? Kadi za simu zimewahi kutiliwa shaka. Mwaka 2013 Nohl, yuleyule wa Mifare, alikadiria kuwa kadi za simu hadi milioni 750 duniani zilitumia usimbaji wa kizamani ulioweza kuvunjwa kwa ujumbe mfupi. Lakini mlaghai anayewasumbua Wakenya hahitaji elimu hiyo. Humpigia simu mwathiriwa, akajifanya mhudumu wa kampuni na kumchota nambari yake ya siri na ya kitambulisho; au hushirikiana na mtu wa ndani ili laini isajiliwe upya kwenye kadi nyingine. Chipu mpya huamka ikiwa na nambari ya simu ya mwathiriwa, na ile ya zamani hufa. Hesabu zote za ndani zilifanyika sawasawa, kwa niaba ya mwizi.

Hata hivyo, haitakuwa busara kuhitimisha kuwa chipu hizi ni bure. Google ilisema mwaka 2018 kuwa tangu mapema 2017, ilipowataka wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kutumia funguo za kuchomeka, hakuna hata mmoja aliyenaswa na barua-pepe za ulaghai kwenye akaunti ya kazi. Ufunguo wa aina hiyo huitambua tovuti inayomwuliza. Tovuti bandia haipati jibu, hata mtumiaji awe amedanganyika kabisa. Shambulio la EUCLEAK nalo huhitaji vifaa vya takriban euro 11,000, na mshambulizi sharti aupate ufunguo wenyewe mkononi na kuubambua. Neno la siri huibwa kutoka bara jingine.

MITUMBA NA MASHARTI MAPYA

Linalomgusa zaidi mnunuzi wa kawaida ni tarakilishi za mitumba kutoka Ulaya, ambazo ndizo zinazojaa katika shule, ofisi ndogo na vituo vya intaneti nchini. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bila malipo mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 hukataa rasmi mashine isiyo na TPM 2.0, pamoja na vichakataji vingi vilivyotolewa kabla ya 2018. Kampuni za Ulaya zinatupa mashine hizo, na nyingi zitatafutiwa soko huku kwetu. Anayenunua aifungue kwanza: aandike tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia na kutazama toleo linaloonyeshwa. Ikisemekana kuwa hakuna, asikate tamaa upesi, kwani mara nyingi chipu ipo ila imezimwa kwenye mipangilio ya mwanzo ya mashine. Shule yenye mashine za zamani inaweza kuweka Linux, isiyo na sharti hilo.

Onyo jingine ni la mafundi. Katika matoleo ya karibuni ya Windows 11, diski ya mashine mpya husimbwa yenyewe mtumiaji anapofungua akaunti ya Microsoft, pengine bila yeye kutambua. Fundi wa Luthuli Avenue akibadilisha ubao mama, TPM iliyokuwa na ufunguo huenda nao, na mashine huomba nambari ya tarakimu 48. Asiye nayo hupoteza faili zake zote, na hakuna fundi wa kuzirejesha. Nambari hiyo hupatikana katika akaunti ya mtumiaji, na yafaa inakiliwe kwenye karatasi kabla ya mashine kupelekwa kurekebishwa. Hofu ya Stallman ilikuwa juu ya mashine isiyomtii mwenyewe. Kwa wengi itajidhihirisha kwa namna hii, kaunta ya fundi ikiwa shahidi.

Waundaji wa chipu, kwa upande wao, wanatazama mbali zaidi. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kanuni za kwanza za usimbaji zinazokusudiwa kustahimili tarakilishi za kikwanta, ambazo zikikamilika zitaweza kuvunja funguo zinazotumika leo. Rasimu yake ya Novemba mwaka huohuo ilipendekeza kanuni za zamani, ikiwemo RSA, zisitumike tena baada ya 2035. Kwa soko hili, hiyo ni sawa na agizo la kubadilisha chipu zote ulimwenguni. Pasipoti ya kielektroniki ya Kenya, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2017 ikiwa na chipu ndani yake, hudumu miaka 10.